Santuri Iliyokwanguliwa Jina

Spanish Town, Jamaika
Jumapili, 11 Mei

Kwako Dada Ionie,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limetulia sasa baridi ya Birmingham inapopungua. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya umri. Mama anakunywa uji wake wa mahindi asubuhi, analalamika hauna maziwa ya kutosha, ananikumbusha kuwa kati ya watoto wake mimi siye aliyekuwa tumaini lake, kisha ananiuliza mimi ni nani. Kwa hiyo yuko vizuri.

Fulana ulizotuma zimefika, zote hamsini. Picha ya Mama imetoka safi, na yale maneno "Sauti ya Bi Icilda" yanasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Mchungaji ameshaanza kuivaa ya kwake. Anasema Julai, siku Mama atakapotimiza miaka tisini, wimbo wake ukipigwa, kanisa zima litasimama. Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu huwa unanimaliza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Unazijua santuri zangu. Umeshaniambia mara nyingi kwamba mtu mwenye akili timamu haishi na santuri ndogo elfu tatu, wimbo mmoja kila upande, wakati simu ya mjukuu inabeba nyimbo za dunia nzima. Sikubishii. Lakini simu haina upande wa pili. Santuri inakuinua kitini, unaigeuza, unakaa tena. Tangu mke wangu afariki, hayo ndiyo mazoezi yangu ya viungo.

Unaukumbuka pia wembe wa Baba. Kila santuri aliyoipiga dansini aliikwangua karatasi ya katikati mpaka isibaki herufi, ili wapelelezi wa Caswell, yule mpiga muziki mpinzani wake mwenye maspika makubwa kuliko yetu, wasilijue jina wakaenda kuitafuta dukani. Wapiga muziki wote walifanya hivyo. Basi Baba alipofariki nilirithi makabati ya nyimbo zisizo na majina, na Vernal, mkusanyaji mwenzangu, hajachoka kunicheka. Ananiita mlezi wa yatima elfu tatu asiyemjua jina hata mmoja.

Nilimjibu siku zote kwamba mmoja namjua. Ile santuri ambayo Baba aliitoa kabatini mwaka aliorudi kutoka kukata miwa Florida, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba anayeimba ni mkewe, na kwamba nakala ni hiyo moja tu.

Mwezi wa pili Vernal alikuja na kioo chake cha kukuzia. Wembe ulikwangua karatasi, lakini haukugusa zile namba ndogo zilizochorwa kwenye santuri yenyewe, pale sindano inapomalizia safari yake. Vernal akazinakili kiganjani. Baada ya wiki sita akarudi na santuri kutoka Marekani, karatasi yake nzima, ya njano, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeleta majibu ya hospitali. Namba ni zile zile. Wimbo ni ule ule. Jina ni Delphine Tibbs, wa New Orleans.

Nilimwambia huenda ni kosa la kiwandani.

"Clovis," akasema, "kosa gani la kiwandani linambadilishia mtu mama yake mzazi?"

Nikakaa nikafikiri, na nikamvulia Baba kofia. Kama mwimbaji ni mkewe, Caswell aende duka gani? Inasemekana alitafuta mwaka mzima. Mama alikubali kwa sababu dansi ndiyo iliyotulisha. Alipoulizwa aliinamisha macho tu, nasi tukauita unyenyekevu. Sasa mengine yote yamemtoka kichwani, limebaki hilo tu, kwamba aliyeimba ni yeye. Kila mchana nampigia santuri yetu, na kwenye ubeti wa pili alikuwa akiinua kidole na kusema, "Hapo nilivuta pumzi vibaya. Baba yako akasema iache hivyo hivyo."

Ningeweza kunyamaza, dada. Vernal ameapa kunyamaza, ingawa anasema kunamwasha mwili mzima. Lakini kuna jambo nililofanya, na ni langu peke yangu.

Santuri yetu imelika. Miaka yote hii nimeusikia wimbo huo kama mtu aliye upande wa pili wa mvua, na nilitamani mara moja tu kuusikia safi. Jumanne, nikidhani Mama amesinzia kitini, niliipiga ile mpya. Bila mikwaruzo ni sauti ya msichana, tena mgeni kabisa. Mama akafumbua macho. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani huyu anayeimba wimbo wangu?"

Niliirudisha ya zamani haraka. Hakuitaka. Alisema kumbe ndiyo maana Baba alikawia Florida. Tangu siku hiyo kidole hakiinuki. Anauliza tu yule mwanamke anakaa wapi. Jana alinishika mkono akanituma nimwambie Baba kwamba amemsamehe, ila amrudishie wimbo wake. Nilimwambia nitamwambia. Ningesema nini?

Hiyo mpya nimejaribu kuivunja mara tatu. Mara ya tatu niliishia kuipangusa vumbi na kuitafutia mfuko mpya. Karatasi yake ni nzima, Ionie. Hujui hilo lina maana gani kwa mtu aliyelelewa na wembe.

Kwa hiyo usingoje Julai. Njoo mapema, wewe ambaye hujawahi kupenda santuri hata moja. Ile mpya iko chini ya kitanda changu, upande wa ukutani. Nitatoka kwenda kununua mkate, na nikirudi usiniambie uliivunjaje. Halafu tukae na Mama tuipige ile yetu, labda kwako atainua kidole.

Msalimie shemeji Rudyard na watoto wote. Vernal anakusalimu, bado ananyamaza. Mama naye angekusalimu, lakini yuko barazani na fulana yako mwilini, anamsubiri Baba.

Ni mimi mdogo wako,
Clovis