Ubao Uliopasuliwa

Temeke, Julai 1975. Miaka kumi tangu nivuke Ruvuma.

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado unavuja damu. Kila Julai mimi huchora nyumba yetu ilivyochomwa na askari wa Kireno, mama akiwa ndani. Ubao ni uleule, rangi mpya juu ya ile ya mwaka jana. Leo mdogo wangu Simoni, aliyekuja kunichukua turudi Msumbiji huru, ameupasua kwa panga.

"Kaka, unamchoma mama kila mwaka! Twende tukamzike."

Alipoliinua tena panga, nililidaka kwenye makali, nikampiga kichwa cha pua. Katika mpasuko rangi zote zilionekana, mwaka juu ya mwaka, unene wake haufiki ukucha.

Kesho anaondoka. Aende akazike majivu. Mimi sitarudi.