Ripoti ya Pampu Isiyo na Salamu

Jumanne, Mbita

Na bado anaanza na salamu. Ripoti ya Atieno, fundi wetu wa boti, nusu ukurasa ni kumshukuru Mungu na kuulizia watoto wa mdosi. Pampu mbovu ya kutoa maji botini imetajwa mstari wa mwisho, ambapo mdosi hafiki kamwe. Leo boti imetoka na abiria, ikarudi na maji ya magoti. Mdosi amesema akiandika tena hivyo, kazi hana.

Mimi msimamizi wake niliacha shule darasa la sita, lakini nimezunguka Mwanza hadi Mombasa. Nani atanishinda kufundisha?

"Nyar Rusinga," nimemwita Atieno, binti wa kisiwa cha Rusinga, "niambie kama mtu ambaye salio la simu linaisha."

"Omera, ndugu, pampu imekufa. Kesho boti isitoke."

"Haya, andika hivyo hivyo."

"Bila salamu? Ataniona sina adabu."

"Adabu ni abiria kufika wakavu."

Ameandika, akanisukumia karatasi. Hata mimi naogopa, kusema ukweli, maana mdosi akikasirika...

Basi. Nimetia sahihi yangu chini ya yake, kubwa kama ya gavana. Akifukuza, afukuze wawili.