Jiko Langu na Maji ya Shamba la Juu

Jumatatu, 4 Mei

Mdogo wangu anauza shamba lake. Sijaamini bado. Nimeambiwa na wifi, mkewe, huku anaanua nguo, kama mtu anayesema kuku ametaga. Jumamosi mnunuzi, mfyatua tofali, anakuja kupima. Akishauchimba ule udongo litabaki shimo — shamba la baba!

Kweli, tangu mwaka juzi mahindi yanatoka ya njano, yamesimama majini wiki nzima baada ya mvua. Mdogo wangu anasema baba alimgawia kipande kibaya, mimi nikapewa kizuri. Kizuri gani? Kipande changu kiko chini yake, ukingoni mwa kijito, chembamba kama mkanda. Nimenuna siku nzima.

Jumanne, 5 Mei

Nimemwita bwana shamba. Hakuna aliyenituma, kiherehere changu tu. Kachimba shimo la kufika kiunoni shambani kwa mdogo wangu. Juu udongo mweusi, chini kijivu chenye madoadoa ya kutu, unanuka yai viza. Mizizi imefika kwenye kijivu, ikageukia pembeni.

Akasema udongo wenyewe si mbaya, umekosa hewa. Mizizi nayo inapumua, na hapa inazama. Maji yapatiwe njia, mahindi yapandwe juu ya matuta, na tuache kulima ukiwa tope, maana jembe linaukandika kama ukuta.

Mdogo wangu alisimama mbali, mikono nyuma. Alicheka pale tu bwana shamba alipoacha buti moja kwenye tope, akatoka na soksi. Na mimi nikacheka. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu msiba wa baba.

Jumatano, 6 Mei

Mungu wangu.

Bwana shamba karudi na nondo ndefu, anadunga chini hatua kwa hatua. Kwenye futi nne ikagonga kitu. Kufukua — bomba la udongo wa kuchoma, nene kama paja la mtoto. Limejaa maji, na maji hayaendi popote.

Kumbe baba! Kila kiangazi alishinda wiki nzima pale kijitoni na fimbo ndefu, sisi tunasema mzee anacheza na matope. Alikuwa anazibua mdomo wa bomba. Baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili, na mara ya kwanza hatukumsikiliza.

Bwana shamba akasema bomba limeziba huko chini, tutafute mdomo wake. Akanyoosha mkono. Kwangu! Nikasema nimeacha chungu motoni. Sikuwa na chungu motoni.

Mwaka juzi, fundi akichimba msingi wa jiko langu hapa kwenye kipande changu, aliniita: mama, kuna vigae vya mviringo huku vimepangwa mstari, tena vinatoa maji. Nikamwambia avunje, ashindilie mawe, aongeze zege. Kwa kinywa changu mwenyewe.

Alhamisi, 7 Mei

Mdogo wangu kashinda kijitoni na panga, anafyeka majani, anatafuta mdomo wa bomba. Nimempelekea chai. Akasema asante dada. Nikachukua birika, nikarudi jikoni.

Ijumaa, 8 Mei

Jiko langu. Miaka mitatu nilijinyima kwa ajili yake. Madirisha mawili, moshi haunitoi machozi tena. Nikinyamaza mpaka kesho, shamba linakwenda na hakuna atakayejua milele.

Nimeyaandika hayo, nikayasoma tena. Ni mimi kweli niliyewaza hivi? Nimejiogopa.

Wifi alikuja kuazima chekecheo. Akatazama chini: mbona sakafu yako inatoka jasho? Nikamwambia nimemwaga maji.

Jumamosi, 9 Mei

Mfyatua tofali kafika mapema na futi yake. Lakini mdogo wangu kapita kwangu kwanza, na ile nondo. Alifunga kamba kwenye bomba kule shimoni, akaivuta kwa kunyoosha. Kamba imeishia kwenye ukuta wa jiko langu.

Hana hasira. Hilo ndilo linaloniua. Kauliza tu: dada, chini ya hapa kuna nini?

Huko juu mfyatua tofali akaita. Mdogo wangu akasema anakwenda kumwambia asubiri kidogo, anarudi sasa hivi.

Nimetoa sufuria zote nje. Na mafiga. Kabati la vyombo nimelivuta mwenyewe mpaka mlangoni, limekwama kabla halijatoka. Naandika nimeegemea hapo hapo. Sakafu tupu, imelowa katikati, inangoja sururu. Nasikia hatua zake —