Kwa Miguu Hadi kwa Kaka Hoza

Jumatatu, 7 Julai. Lushoto

Chai, andazi, dawa ya presha. Mhando amefunga shanta lake, akalifungua, akalifunga tena. Alifanya kazi reli maisha yake yote, lakini mzigo wake mwenyewe unamshinda.

Nina furaha ya kijinga. Miaka sabini na moja, mume wa miezi miwili, na viatu vipya vya kupandia milima. Watoto wetu, wangu na wake, walitaka fungate yetu iwe ufukweni, kwenye viti vya kulalia. Nikasema hapana. Nataka njia ya ukingoni mwa Usambara, kwa miguu, Lushoto hadi upande wa Mtae. Nilitoka huku msichana. Nikaenda Tabora, nikafundisha, nikazaa, nikazika. Nimerudi mara chache, kwa misiba, ndani ya gari, macho yamejaa machozi. Milima yenyewe sikuiona.

Mwisho wa njia ni nyumbani kwa kaka Hoza. Ndiye ndugu pekee aliye hai na mkubwa kwangu. Kadi ya harusi tulimpelekea. Hakuja. Hakusema kitu. Simu zangu zilipokelewa na mkewe, wifi Naomi, na kila mara kaka alikuwa shambani, hata saa za chakula.

Nataka ampokee Mhando. Hilo tu. Mengine yote ni mandhari.

Jumanne, 8 Julai. Lukozi

Tumevuka msitu wa Magamba. Sijui niandike nini kwanza. Baridi iliyonukia majani mabichi. Miti yenye ndevu. Mbega wawili juu, mikia yao mirefu myeupe, wakatutazama kama wakaguzi wa shule. Nilicheka peke yangu njiani. Miguu yangu inakumbuka kuteremka upandeupande kwenye utelezi. Ya Mhando haikuwahi kujua. Mzigua wa Handeni, mtu wa tambarare. Ameanguka kwa makalio, taratibu, kwa heshima zake.

Akina mama waliobeba kuni walitupita tukiwa tumekaa. Walituamkia vizuri, shikamoo babu, shikamoo bibi. Kisha mmoja akamuuliza Mhando anatoka wapi. Alipojibu, basi. Mzigua? Na shanta? Nani amemfukuza? Wakaondoka wakicheka, kuni kichwani, hakuna ukuni uliodondoka. Mhando alifurahi mno. Anasema utani wa watani ni dawa ya magoti.

Kutoka msituni ni mabonde ya kabichi, karoti, viazi, matuta yamepangwa hadi juu mlimani. Malori Lukozi yanapakia. Harufu ya kabichi iliyokanyagwa.

Jioni nimepiga simu. Safari hii kaka alipokea mwenyewe. Sauti ileile, kavu. Nilimwamkia. Nikamwambia tuko Lukozi, tunakuja kwa miguu.

"Wewe njoo. Ni kwenu. Huyo mtu simjui."

"Kaka, ni mume wangu."

"Nilialikwa harusi. Sikuombwa mke."

Akakata.

Jumatano, 9 Julai. Rangwi

Nimemwambia Mhando asubuhi. Sikutaka tutembee na jambo limefichwa kati yetu.

Ni kweli hakuna aliyekwenda kwa kaka kuniposa. Tulifunga ndoa kanisani Tabora, mwanangu mkubwa akanisindikiza. Tuliona kumtuma mshenga milimani kwa ajili ya bibi mwenye wajukuu ni kichekesho. Kaka haoni hivyo.

Tulitembea kilomita nyingi. Halafu Mhando akasema atanifikisha Rangwi, mimi nitaendelea, yeye ateremke Mombo anisubiri. Hataki kunigombanisha na kaka yangu wa mwisho. Alisema kwa upole. Upole huo ulinikasirisha. Nilimwambia sikuolewa na mtu wa kunisubiri Mombo. Tukatembea mbalimbali, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana.

Na njia ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ilinichukiza. Bonde linafunguka, jua linapiga mabati upande wa pili, migomba, moshi wa jikoni, na mimi nimenuna. Kwenye kijito Mhando alisimama, akanyoosha mkono nivuke. Nilivuka bila kuushika. Halafu nikarudi nikaushika. Tulikuwa tumeshavuka wote.

Tumelala nyumba ya wageni ya misheni. Masista wametupa maji ya moto kwenye ndoo. Sista mmoja aliuliza kama tunahitaji chumba kimoja au viwili. Mhando akajibu kwamba hilo ndilo swali linalotusumbua.

Alhamisi, 10 Julai. Rangwi bado

Tumepata mshenga.

Naandika upesi. Tulikwenda kunywa chai kwenye mgahawa wa barabarani. Mzee mmoja wa kofia na koti la sufu alikuwa anakula maharage. Mzee Athumani, zamani mpasua mbao. Nilimpa shikamoo kwa raha. Siku hizi sina wengi wa kuwapa. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikataja marehemu baba. Akaweka kijiko chini. Alisoma na kaka Hoza.

Nilimweleza yote. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu alikuwa anatafuna polepole.

Akamgeukia Mhando. "Kwa hiyo wewe Mzigua umekuja kuoa mwenyewe? Kama mtu anayekwenda gulioni kununua viazi?"

"Nimeshaoa, mzee."

"Umeoa Tabora. Huku bado hujaoa. Huku unamfuatafuata dada yetu tu."

Mhando akamwomba awe mshenga. Mzee Athumani akakataa. Kwamba yeye na Hoza hawajapatana tangu ugomvi wa goli la mpira wa miguu, wakiwa darasa la nne. Kwamba yeye Mwislamu, sisi Walutheri. Kwamba goti. Alipomaliza sababu zote akaagiza chai nyingine na kuuliza tunaondoka saa ngapi.

Siwezi kutulia. Nahisi kama msichana anayesubiri matokeo. Na naogopa. Kaka akimrudisha na huyu, hakuna wa kumtuma tena.

Ijumaa, 11 Julai. Nyumbani

Siku ndefu kuliko zote. Mzee Athumani hakubeba chochote isipokuwa mwavuli, na alitushinda wote. Kila tulipouliza ni mbali, alisema hapo tu. Njia nzima alikuwa anamfundisha Mhando. Usiongee. Usicheke kwanza. Ukiitwa, usikimbilie kuingia, lakini usichelewe pia wakadhani umekufa.

Mchana ukungu ukapanda kutoka bondeni, tukawa tunatembea ndani ya maziwa. Nilijua tumekaribia kwa sauti ya ng'ombe na kwa harufu ya mivinje. Mwili ulijua kabla yangu. Nikaanza kwenda mbio.

Mzee Athumani akanisimamisha kwenye kona ya mwisho. Mhando asipite hapo. Mposaji hafiki pamoja na anayeposwa. Mhando na mzee watalala chini, kwa mkwe wa mzee. Mimi niende juu peke yangu.

Nilikataa. Nikasema huyu ni mume wangu mbele ya Mungu na ya serikali. Mhando akaninyooshea shanta langu, akanikazia mikanda yake vizuri mabegani, akasema, "Nenda nyumbani, Mwalimu. Nitakuja kukuomba." Akageuka na yule mzee. Ukungu ukawameza baada ya hatua chache.

Nilipanda nikilia kwa hasira, na bado nilikuwa na furaha. Vyote pamoja.

Kaka alikuwa amesimama uani. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Shikamoo kaka. Marahaba. Alishika mkono wangu muda mrefu, akaniuliza habari za njia, za viatu, za mvua Tabora. Habari za mtu wangu hakuuliza. Nilipotaka kuanza, akasema, "Hayo si maneno yako." Akaenda kuangalia ng'ombe.

Nimewekewa kitanda chumba cha wasichana.

Jumamosi, 12 Julai

Mzee Athumani amekuja saa nne, amevaa kanzu ya kuazima, fupi. Mimi na wifi tulikuwa jikoni, masikio ukutani. Aibu iliyoje, mwalimu mstaafu kusikiliza ukutani. Wifi ndiye aliyenionyesha mahali pazuri.

Mzee Athumani alisema ameona ua nyumbani hapa.

"Maua yako njiani kote," kaka akasema. "Ungechuma hukohuko, ungepunguza safari."

"Ninalotaka limeingia hapa jana jioni na shanta mgongoni."

"Hapa hakuna binti. Kuna bibi mmoja anamaliza maharage yangu."

"Huyohuyo."

Kisha kaka akauliza mtu wao anatoka wapi. Handeni. Mzigua. Njaa imewaishia huko? Imeisha, sasa wanatafuta wake. Nilimsikia kaka akianza kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Halafu akamrudisha. Aje kesho baada ya ibada, na jembe na blanketi, na wazee wawili wa kusikiliza. Hajasema ndiyo. Amesema hata hivyo yeye hawezi kusema ndiyo. Sikuelewa. Mzee Athumani akaondoka na kanzu yake fupi.

Nilimwambia wifi nitachukua shanta niondoke. Akaendelea kumenya viazi.

"Mshenga akipokelewa siku ya kwanza, watu watasema tulikuwa tunatafuta pa kukutupa. Kaa chini, wifi."

Nimekaa. Kutoka uani naona paa la nyumba ya chini, la bati jekundu. Mtu mrefu amesimama nje, anatazama juu. Nilipunga mkono. Naye akapunga. Wifi akasema sijaruhusiwa.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada walikuja. Mhando nyuma kabisa, shati limenyooshwa, macho chini kama alivyofundishwa. Jembe lilikuwa jipya. Blanketi hakupata, duka limefungwa, akaleta mfuko wake wa kulalia. Kaka aliufungua zipu, akaufunga, akaufungua. Akauliza hili ni blanketi au gunia la mbolea. Wifi akaupokea kabla hajamaliza kuuliza. Wazee wakacheka. Kaka hakucheka.

Akaniita kutoka jikoni. Nisimame katikati.

Akasema mbele ya wote, sauti kavu ileile, kwamba mara ya kwanza nilipoposwa, katika chumba hiki, baba alijibu. Mimi nilikuwa jikoni. Yeye alikuwa amekaa pale mlangoni, kijana, akajua nalia, akanyamaza kwa sababu hakuwa na kauli. Siku ya pili nikapelekwa Tabora.

"Ndiyo maana sikuja kula wali wenu," akasema. "Mwanao anakusindikiza, sawa. Nani alikuuliza nyumbani kwenu? Hakuna."

Nimefundisha watoto kusema miaka yote hiyo.

"Eliza. Unamjua mtu huyu?"

"Namjua."

"Umemtaka mwenyewe au umeletewa?"

"Nimemtaka mwenyewe."

"Tupokee?"

Nilikuwa nimeandaa jibu la kuchekesha tangu jana. Likapotea. Nilimtazama Mhando. Alikuwa ameinua macho, kinyume na mafundisho yote, na alikuwa na hofu. Hofu ya kweli, mtu aliyekwisha kunioa. Hapo nikajua kwamba ningeweza kusema hapana. Kwamba chumba kizima kingelisikia neno hilo, na kaka angelirudisha jembe.

Nikasema pokeeni. Ilitoka ndogo. Kaka akauliza mara ya pili, kisha ya tatu, kama desturi inavyotaka, na kila mara nilisema kwa sauti kubwa zaidi, hadi ng'ombe akajibu.

Kaka akainuka na jembe mkononi. Akamshika Mhando kiwiko, akamwonyesha pa kukaa. Upande wake wa kulia.

Tumekula. Mzee Athumani amekula kuliko wote na kudai goli lake la darasa la nne. Hakupewa.

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu umeondoka asubuhi. Tambarare yote ya Mkomazi iko wazi chini yetu, ya kahawia, hadi milima ya Upare.

Mhando alilala humu ndani. Alipoamka hakuniamsha. Nimewakuta yeye na kaka ukingoni, wamekaa juu ya jiwe moja. Kaka anaonyesha kitu kwa fimbo. Mhando anaangalia kwingine.

"Si huko, shemeji. Hapa. Fuata fimbo."

"Fimbo yenyewe inacheza, shemeji."

Nimerudi jikoni kumsaidia wifi kuchambua maharage. Chai imeiva. Sijawaita bado.