Zamu ya Asubuhi Nimeichukua Mimi

Mwanangu,

Jumatatu ya tarehe tatu, saa mbili asubuhi, ndipo msimamizi wa pale kwa dobi alipokwambia uchague: pasi au maigizo. Tangu siku hiyo hata redio hufungui.

Leo nimeamkia kwake kumtukana. Wakubwa ni wale wale, shati likiungua wanamlaumu mwenye shati. Nikamwambia hivyohivyo mbele ya wateja. Akaniuliza, "Mzee, pasi unaijua?" Nikamjibu, mama yako alipofariki, sare zako za shule nani alizipiga pasi? Akanipa shati. Kola ikatoka imenyooka mpaka akanipa zamu ya asubuhi palepale.

Kumbe nimetukana wakunga na uzazi ungalipo. Sasa ni bosi wangu.

Basi asubuhi napiga mimi, jioni wewe. Mazoezi nenda. Nimerudi kuchukua miwani tu.

Chai iko kwenye chupa. Mkate unibakizie. ~~Saa nane uwe nyumbani.~~ Rudi mkimaliza.

Halafu, jana nilikusikia chumbani ukijifunza maneno ya yule mzee mlalamishi wa kwenye igizo lenu. Jirani alicheka mpaka akapaliwa. Ile sauti umeitoa kwa nani?

Baba yako, mpiga pasi