Baba Mdogo Amesema Lamboni

Mayu,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini ni wewe, mama yangu, uliyenifundisha kwamba mazungumzo hayaanzi bila salamu, hata kama mtu amenuna.

Hukupenda kuzungushwa, basi habari yenyewe ni hii: Baba mdogo amesema. Jumamosi, lamboni, ng'ombe wakinywa na wanawake wamejaa na ndoo zao. Alivua kofia akasema wewe, shemeji yake, hukuwa mchawi, ng'ombe wake walikufa kwa ugonjwa, na uongo kwamba uliwaloga aliusema palepale. Halafu akakaa chini kwenye tope, mtu mzima yule, mdogo wake marehemu baba. Yamekupita kwa miezi miwili tu tangu tukuzike, na hilo linaniuma, sikufichi.

Macho yako, Mayu. Hapa Shishiyu kuni hakuna, kila mama anapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na kila mama ana macho mekundu kwa moshi, lakini ya kichawi yakawa yako peke yako. Miaka sita wanawake walikupisha lamboni, na haikuwa kwa heshima. Mimi nakuja kutoka Bariadi na ukali wangu wa kiualimu, nataka twende polisi, wewe unanipa kibuyu cha mtindi nimpelekee Baba mdogo. Mtindi, Mayu. Nilikuwa napitia nyuma ya zizi nilie kwanza kwa hasira, ndipo nimfikishie.

Nilidhani ni woga. Mpaka siku ile alipokuja na jogoo mkononi, akakualika ukale kwake mambo yaishe kimyakimya. Ulimpa kiti, ukamuuliza habari za wanawe, ukakataa kwenda. "Kusamehe nilishakusamehe, shemeji, hata kabla hujaniomba. Lakini ulisemea lamboni. Karudi ukaseme lamboni, ndipo nitakula kwako." Aliondoka na jogoo wake. Wewe ukarudi kuchambua pamba huku unaimba. Nikabaki nakutazama, mtu mwembamba vile, na hatikisiki. Jioni ukaniambia kusamehe ni kazi yako na hukuhitaji kuombwa, ila kutubu ni kazi yake, na huwezi kumtubia. Nimesikia mahubiri mengi mjini, sijasikia la kulizidi hilo.

Tulipomaliza matanga yako alinifuata mimi, akaomba niseme kwa niaba yako kwamba yameisha. Nikamjibu kwa maneno yako yaleyale. Nilijua hatathubutu. Amethubutu.

Sasa acha nikuungamie. Siku zote nilisema, akikiri tu nitamsamehe. Amekiri, na moyo wangu umebaki vilevile. Sharti limetimia, nikajikuta natafuta jingine: mbona hakusema ukiwa hai, mbona hakutoa hata chozi. Ndipo nikajijua. Sikuwa namngoja yeye. Nilikuwa nimezoea kumchukia, na nilikuwa naipenda ile chuki.

Nadhani wewe uliniona zamani. Kuna Jumapili tunatoka kanisani ukaniuliza mbona kwenye Sala ya Bwana nanyamaza nikifika pale pa kuwasamehe wengine. Nikasema nilibanwa na kikohozi. Ukanishika mkono tukaenda nyumbani.

Jana Baba mdogo alikaa benchi la nyuma yangu. Tulipofika pale, nilisema. Sauti ilitoka mbovu, nusu kilio, lakini nilisema yote mpaka mwisho, na najua alisikia. Kisha nikaenda naye kwake. Ulimwahidi kwamba utakula, Mayu, na hukuwahi kuvunja ahadi, kwa hiyo nimekula mimi. Walipika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Nikamaliza sahani.

Sikudanganyi kwamba nimepona. Ila kila nikija kutoka Bariadi nitampelekea mtindi kwenye kibuyu chako, na nitapita njia ya mbele.

Pumzika, Mayu wangu. Macho yako yalikuwa mazuri.

Mwanao,
Nyanzala