Chati Ndani ya Mkoba

Peris, nimemwambia Deqa hajazi kitu. Ananifokea, "Hooyo, mama yangu, wauguzi wote wanajaza hivi!" Binti yangu amebeba chati ya mgonjwa mpaka nyumbani ndani ya mkoba!

Mtoto amekufa wodini leo asubuhi. Deqa ana wiki tatu kazini, na aliachwa peke yake na watoto arobaini. Sasa sista wa wodi anataka aandike kwamba alimpima joto kila baada ya saa nne. Hakumpima!

Amemwambia, "Jaza tu, msichana." Peris, ni maneno yale yale ya mwaka wa themanini na tatu, tulipotoka chuo cha uuguzi! Mimi na wewe tulijaza vipimo ambavyo hatukupima. Yule mama aliyetoka Kipsing, aliyefiwa na mtoto, tulimwonyesha karatasi, akatuamini.

Nimemtia Deqa kalamu mkononi. Ameandika: "Sikumpima. Nilikuwa peke yangu."

Tumeileta chati kwa metroni, mkuu wa wauguzi. Ameisoma mara mbili. Sasa ameinuka, anafunga mlango, wala sijui kama atatusikiliza au atataka tuifute.